Umeme wa moyo ulikuwa sawa, mbona mshipa ulikuwa mgonjwa?

Swali: *Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 51. Alipimwa umeme wa moyo akaambiwa hana tatizo. Mwezi haujaisha, akapata mshtuko wa moyo, akaponea chupuchupu. Wanasema mishipa yake imekuwa migumu na imejaa mafuta. Mimi nina miaka 46, sivuti sigara, sisikii maumivu yoyote. Nitajuaje kama yangu nayo imeanza? Na je, kuna kitu cha kusafisha mishipa? Kila mtu ananishauri ninywe maji ya kitunguu saumu na limau.*

Jibu: Marahaba, dada yangu, na poleni kwa mtihani huo. Nianze na lile ambalo naona ndilo linalokuumiza zaidi: inakuwaje mtu apimwe aonekane mzima, kisha aanguke mwezi huohuo? Inawezekana kabisa, tena si jambo la nadra, na si lazima aliyempima awe alizembea. Kipimo cha umeme wa moyo, mtu akiwa amelala ametulia, huonyesha msuli wa moyo unavyofanya kazi kwa dakika ile: mapigo yana mpangilio au hayana, kuna sehemu iliyokwisha kuumia au hakuna, kuna sehemu inayokosa damu saa hiyo au la. Ukuta wa mshipa hakiuoni. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa katika mishipa yote mitatu mikubwa ya moyo, akalala kitandani, na karatasi ikatoka safi. Hata kile kipimo cha kutembezwa kwenye mashine inayoongezwa kasi hugundua mshipa uliobanwa kiasi cha kuunyima moyo damu wakati wa kazi. Huenda kaka yako hakuwa na mshipa wa namna hiyo hata mmoja siku alipopimwa.

Hili watu hulikataa, kwa sababu vichwani mwetu mshipa wa damu ni bomba la maji: uchafu unaganda pembeni, njia inapungua kidogo kidogo, mwisho inaziba. Picha hiyo ndiyo iliyozaa biashara nzima ya "kusafisha mishipa", na ni picha potofu. Ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ni kiungo hai chenye matabaka matatu, na ugonjwa huu hukaa ndani ya ukuta wenyewe, chini ya utando laini unaogusana na damu. Huwezi kuufikia kwa kusugua.

Mwanzo wake ni huu. Kolesteroli, au lehemu kama wengine wanavyoiita, haiogelei peke yake katika damu. Hubebwa ndani ya chembe ndogo, na zile ziitwazo LDL, ambazo wengi huziita kolesteroli mbaya, ni ndogo kiasi cha kupenya utando ule wa ndani. Zikiwa nyingi, au utando ukiwa umechakazwa na presha, moshi wa tumbaku au sukari, baadhi hunasa ukutani na kubadilika. Mwili huziona kama adui. Chembe nyeupe za damu huja kuzimeza, huzimeza mpaka zenyewe zinajaa mafuta, kisha nyingi hufia hapohapo. Mabaki yao huvuta chembe nyingine. Baada ya miaka ukutani pana rundo la mafuta na mabaki ya chembe zilizokufa, na juu yake mwili umefuma kifuniko cha nyuzi ili kulitenga na damu. Rundo hilo madaktari huliita plaki. Chokaa, yaani kalsiamu, huingia baadaye, na hapo ndipo ugumu unapopatikana. (Chokaa hiyo haitokani na maziwa unayokunywa. Ni matokeo ya kidonda cha muda mrefu, kwa hiyo usimnyime mtu maziwa kwa ajili hiyo.)

Kazi hiyo huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha uchunguzi wa mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, wengi wakiwa vijana wakakamavu, lakini asilimia 77 tayari walikuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo. Wala si ugonjwa wa zama zetu tu: mwaka 2013 watafiti walieleza jinsi walivyopiga picha maiti 137 za kale zilizohifadhiwa, kutoka Misri, Peru na sehemu nyingine mbili za dunia, na kukuta alama zake katika thuluthi moja hivi.

Sasa sikiliza jambo lililomponza kaka yako. Plaki inapokua, mshipa hujitanua kwa upande wa nje ili njia ya damu ibaki pana. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba mishipa ya moyo huweza kujitanua hivyo mpaka plaki imechukua kama asilimia 40 ya nafasi iliyomo ndani ya ukuta, ndipo njia inaanza kubanwa. Ina maana ugonjwa unaweza kuwa mkubwa na damu bado inapita bila shida. Hakuna maumivu, umeme wa moyo ni safi. Halafu siku moja kifuniko cha nyuzi, hasa kile chembamba chenye mafuta mengi chini yake, kinapasuka. Mafuta yanakutana na damu, na damu inaganda palepale kama inavyoganda penye jeraha. Njia iliyokuwa wazi asubuhi inaweza kuzibwa na bonge la damu kabla ya mchana. Mishtuko mingi ya moyo hutokana na plaki ambazo hazikuwa zimebana njia sana. Uhatari wa mshipa kwa hiyo haupimwi kwa jinsi ulivyobanwa peke yake. Tunachotaka kujua ni wingi wa plaki uliomo ukutani, na kama kile kinachozilisha bado kinaendelea.

Kuna ugumu mwingine wa mishipa ambao watu huuchanganya na huu. Umri unapokwenda, nyuzi za mnyumbuko katika ateri kubwa huchoka na nafasi yake kuchukuliwa na nyuzi ngumu. Presha ya juu hupanda na ile ya chini hushuka, hata ukamkuta mzee ana 165 kwa 70. Huo unaweza kutokea kwa mtu asiye na plaki nyingi, ingawa mara nyingi huenda pamoja. Nao hutibiwa, usikubali kuambiwa kwamba presha ya 165 ni kawaida ya uzee.

Turudi kwako. Unasema husikii maumivu. Ningependa kukwambia hilo linatosha, lakini halitoshi. Dalili huja ugonjwa ukiwa umekwenda mbali, na zinategemea mshipa upi umeguswa. Kwenye miguu, shavu la mguu huuma ukitembea mwendo fulani, ukisimama dakika chache linaacha, ukianza tena maumivu yanarudi. Kwenye shingo na kichwa, mdomo unapinda, mkono unakosa nguvu au maneno yanagoma kutoka, kisha hali inarudi kuwa sawa. Watu hushukuru Mungu na kulala, ilhali hilo ni onyo la kiharusi na linataka hospitali siku hiyohiyo. Kwenye moyo, kifua hubana unapopanda ngazi. Wanawake nao hubanwa kifua, lakini mara nyingi zaidi kuliko wanaume huongezewa kukosa pumzi, uchovu usio wa kawaida, kichefuchefu, au maumivu ya taya na mgongo, na kwa sababu hiyo hucheleweshwa kwa kudhaniwa wana vidonda vya tumbo au wasiwasi. Kwa wanaume, kupungua nguvu za kiume kunaweza kutangulia dalili za moyo kwa miaka kadhaa, kwa kuwa mishipa ya huko ni myembamba kuliko ya moyo. Hili huwa wanalitafutia dawa za mtaani kwa siri. Laiti wangekuja kupimwa presha, sukari na kolesteroli.

Kwa mtu asiye na dalili kama wewe, mimi sianzi na mashine kubwa. Naanza na ndugu zako. Mshtuko wa moyo kwa kaka au baba kabla ya miaka 55, au kwa dada au mama kabla ya 65, huhesabiwa kuwa umekuja mapema, na humpandishia daraja la hatari kila ndugu wa damu. Kaka yako ana 51. Sentensi hiyo moja mwambie daktari utakayemwona, hata kama hakuuliza.

Kisha presha, na ipimwe mikono yote miwili. Mikono ikitofautiana kwa zaidi ya 15 katika namba ya juu, tunashuku kwamba mshipa wa upande wenye namba ndogo umebanwa mahali fulani. Kaa umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umewekwa usawa wa moyo, usiwe umetoka kunywa kahawa wala kubishana na mtu. Hospitali tunaanza kuita presha ikifika 140 kwa 90. Nyumbani, ambako watu hutulia zaidi, ni 135 kwa 85.

Damu ichukuliwe kwa ajili ya kolesteroli kwa mafungu yake, sukari (ile ya wastani wa miezi mitatu ndiyo bora) na kazi ya figo. Kwenye kolesteroli, macho yangu huenda kwanza kwenye LDL. Ikifika miligramu 190 kwa desilita, sawa na milimoli 4.9 kwa lita, huwa nashuku ugonjwa wa kurithi ambao humpata kama mtu mmoja katika kila 250, wengi wao hawajui. Kwa kaka na dada wa mwenye ugonjwa huo, kila mmoja ana nusu kwa nusu ya kuwa nao. Jitahidi pia ujue LDL ya kaka yako ilikuwa ngapi kabla hajaanza dawa. Na ikiwezekana mpimwe nyote chembe nyingine iitwayo Lp(a): hii hurithiwa, chakula hakiigusi sana, na kuipima mara moja maishani hutosha. Kama mtu mmoja katika watano anayo juu. Mtu ambaye havuti sigara, si mnene, LDL yake ni ya kawaida, na bado mishipa imeharibika, mara nyingine jibu liko hapo.

Baada ya hayo, daktari akibaki njia panda kama uanze dawa au la, ndipo picha zina faida. Altrasaundi ya shingo inaweza kuona plaki kwa macho. Kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono ni kipimo rahisi ambacho kwa maoni yangu hakitumiki inavyostahili: uwiano wa 0.9 au chini yake unaonyesha mishipa ya miguu imebanwa, na mwenye miguu ya namna hiyo mara nyingi ana moyo wa namna hiyo pia. Ukizidi 1.4, mshipa umekakamaa kwa chokaa kiasi kwamba mkanda haubani sawasawa, jambo tunaloliona kwa wenye kisukari cha muda mrefu na wagonjwa wa figo. Halafu kuna picha ya CT ya kuhesabu chokaa kwenye mishipa ya moyo. Sifuri ni habari njema kwa miaka kadhaa ijayo, lakini isikulevye: plaki changa, laini, haina chokaa, na mwanamke wa miaka 46 anaweza kupata sifuri huku kazi imeanza. Namba ya 1 na kuendelea ina maana plaki ipo. Ikifika 100, kwa kawaida hakuna mjadala tena juu ya dawa. Na ukishaanza dawa za kushusha kolesteroli, usirudie kipimo hiki kila mwaka kutafuta maendeleo. Dawa hizo hukausha mafuta na kukaza plaki, hivyo namba ya chokaa inaweza kupanda wakati hatari inashuka. Nimeona watu wakitupa vidonge kwa sababu hiyo.

Sasa hicho kitunguu saumu. Kula, kwenye chakula hakina ubaya. Kinaweza kushusha presha na kolesteroli kidogo. Lakini hakuna ushahidi kwamba kitunguu saumu, limau, siki au mchanganyiko wa vyote unaondoa plaki iliyofunikwa ndani ya ukuta, na kwa mtu kama kaka yako, ambaye bila shaka yuko kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, kukinywa kwa wingi kunaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Vidonge vya vitamini E navyo vilijaribiwa kwa maelfu ya watu, majibu yakatoka mwaka 2000, havikuzuia kitu.

Kinachofanya kazi ni kupunguza LDL na kuiweka chini kwa miaka mingi. Neno la uzito hapo ni miaka. Mwaka 2006 watafiti wa Texas walieleza habari za watu waliozaliwa na hitilafu ndogo katika jeni iitwayo PCSK9. Miongoni mwa Wamarekani weusi waliochunguzwa, kama asilimia 2.6 walikuwa nayo. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Hakuna dawa inayoanzwa ukubwani iliyowahi kutoa faida ya namna hiyo, na sababu ni kwamba wao walianza siku ya kuzaliwa. Watsimane wa misitu ya Bolivia, waliochunguzwa kwa taarifa iliyotoka mwaka 2017, wanafundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine: ni watu wanaoshughulika kwa miguu na mikono sehemu kubwa ya siku, LDL yao ni ya chini maisha yote, na asilimia 85 ya watu wazima walikuwa na chokaa sifuri.

Sisi tusiozaliwa hivyo tuna statini, yaani vidonge vya kushusha kolesteroli, zilizotokana na kazi ya Mjapani Akira Endo miaka ya 1970. Jaribio la nchi za Skandinavia lililotangazwa mwaka 1994, lenye wagonjwa wa moyo 4,444, lilionyesha vifo kupungua kwa asilimia 30 katika muda wa miaka mitano hivi. Kwa hesabu za majaribio mengi yaliyounganishwa, kila milimoli moja kwa lita LDL inaposhuka, mishtuko ya moyo na viharusi hupungua kwa kama moja ya tano. Plaki yenyewe husinyaa kidogo tu, lakini kifuniko chake huimarika na haipasuki ovyo. Zina madhara? Zipo, ikiwamo kuongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari, na wachache huumwa misuli kwelikweli. Ila katika jaribio moja la mwaka 2020, watu walioacha statini kwa sababu ya madhara walipewa kwa zamu statini na vidonge visivyo na dawa bila kujua kipi ni kipi. Sehemu kubwa ya maumivu, kama asilimia 90, yaliwapata hata kwenye vidonge vitupu. Kwako wewe kuna angalizo moja: kama bado kuna uwezekano wa mimba, mwambie daktari kabla ya kuanza.

Mengine unayajua, nitayapita. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote pamoja na ile iliyofichwa kwenye vya viwandani. Mafuta yanayoganda yapungue, yapishe mafuta ya maji yatokanayo na mimea. Yale ya mimea yaliyogandishwa kiwandani yaondoke kabisa. Kunde, mboga, matunda, samaki na nafaka zisizokobolewa ziongezeke. Mwendo wa haraka dakika 150 kwa wiki. Kuhusu sigara nakazia jambo moja, kwa ajili ya walio karibu nawe: kupunguza hakutoshi. Uchambuzi wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo anayobeba mvutaji wa ishirini. Kuacha kabisa, ndani ya mwaka mmoja, hupunguza hatari hiyo ya ziada kwa nusu hivi.

Usianze aspirini ya kila siku kwa kujikinga bila kushauriwa. Kwa kaka yako ni lazima; kwa asiyewahi kuugua, damu kuvuja tumboni au kichwani mara nyingi hufuta faida yote. Wala usiende kuomba uwekewe stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachotanua mshipa uliobanwa, "kabla mambo hayajaharibika". Stenti humwokoa mtu aliye katikati ya mshtuko, na hupunguza maumivu ya kifua, lakini majaribio makubwa ya mwaka 2007 na 2020 yalionyesha kwamba kwa ugonjwa uliotulia haipunguzi vifo kuliko dawa nzuri peke yake. Inapanua sehemu moja, na plaki nyingine zote zinabaki zilipokuwa.

Kifua kikikubana kwa zaidi ya dakika kumi, kwa jasho au kukosa pumzi, usingoje uone. Ita msaada wa dharura, na kama huna mzio wala kidonda kinachovuja damu, tafuna aspirini ya miligramu 300 wakati unasubiri.

Nina ombi moja kuhusu watoto wa kaka yako. Hukuwataja, lakini kama LDL au Lp(a) ya baba yao ilikuwa juu, wapimwe nao, hata walio shule ya msingi. Kaka mwenyewe atajisikia mzima miezi michache ijayo na atashawishika kuacha vidonge. Naomba wewe ndiye uwe unamuuliza kila mwezi kama bado anavimeza.